Pambano Lisiwe la Kufa Kupona: Mustakabali wa Ndondi na Haki ya Kusimamisha

Usiku wa tarehe 22 Julai mwaka wa 1994, jijini Las Vegas nchini Marekani, refa aliingia kati ya mabondia wawili katika raundi ya tisa na kulisimamisha pambano. Aliyekuwa amezidiwa ni Robert Wangila Napunyi, Mkenya aliyekuwa na umri wa miaka 26. Wangila hakuridhika. Alilalamika kwamba angali na nguvu za kuendelea. Muda si muda, akiwa amekwisha kuondoka ulingoni, alipoteza fahamu na kukimbizwa hospitalini. Tarehe 24 Julai aliaga dunia.

Miaka sita kabla ya usiku huo, jina la Wangila lilikuwa limetajwa katika kila pembe ya Kenya. Katika michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali na kutwaa dhahabu ya uzani wa welta. Hadi leo, hiyo ndiyo medali pekee ya dhahabu ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata nje ya riadha. Mchezo uliompa Wangila utukufu ndio uliomtia kaburini, na kila anayeujadili mustakabali wa ndondi nchini hana budi kuanzia hapo.

Kisa hiki kina jambo moja ambalo aghalabu husahaulika. Katika ukumbi mzima wa Las Vegas, mtu aliyekuwa katika hatari kubwa kuliko wote ndiye aliyekuwa wa mwisho kuitambua. Wangila hakudanganya aliposema kuwa alikuwa na nguvu. Alisema alivyohisi. Ubongo uliojeruhiwa ndio uleule unaotegemewa kutoa hukumu kuhusu jeraha lake, na hakimu wa namna hiyo hawezi kuaminiwa.

Mjadala kuhusu usalama wa ndondi umekuwa ukiendeshwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza inataka mchezo huu upigwe marufuku. Ya pili inataka uachwe uendelee, kwa hoja kwamba mtu mzima ana hiari ya kuchagua kazi na hatari zake. Makala haya yanashikilia kwamba kambi zote mbili zinalikwepa swali lililo muhimu zaidi. Swali lenyewe ni hili: ni nani mwenye haki, ujuzi na ujasiri wa kulisimamisha pambano kabla ya maafa, na je, akilisimamisha, jamii itamshukuru au itamzomea? Swali hili ni la madaktari na marefa, lakini vilevile ni swali la lugha.

Ni vyema kuanza na hoja za wanaotaka marufuku, kwa kuwa si hoja za kupuuzwa. Mwaka wa 1928, daktari Mmarekani Harrison Martland aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakipepesuka na kuchanganyikiwa kana kwamba wamelewa, ilhali hawakuwa wamekunywa chochote. Wapenzi wa ndondi walikuwa wakiijua hali hiyo kwa muda mrefu na hata kuifanyia mzaha. Martland alisema kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa ubongo. Mwaka wa 1969, A. H. Roberts wa Uingereza alichapisha matokeo ya uchunguzi wa mabondia 224 waliokuwa wamestaafu kutoka ndondi za kulipwa. Takriban asilimia 17 kati yao walionyesha dalili za madhara ya ubongo yaliyotokana na kupigwa. Mwaka wa 1973, J. A. N. Corsellis na wenzake walichapisha taarifa ya uchunguzi wa ubongo wa mabondia 15 waliokuwa wamefariki, nao wakabainisha uharibifu uliokuwa na sura yake mahususi. Kufikia mwaka wa 1983, Chama cha Madaktari Duniani kilikuwa kimetoa tamko la kutaka ndondi zipigwe marufuku.

Isitoshe, wapinzani wa ndondi wanasisitiza tofauti moja ya kimaadili. Mchezaji wa raga anaweza kuvunjika shingo, na mpanda farasi anaweza kuanguka na kufa, lakini katika michezo hiyo jeraha ni ajali. Katika ndondi za kulipwa, kumpiga mpinzani kichwani hata akose fahamu ndiko kushinda kwenyewe, tena kushinda kunakoshangiliwa kuliko kwingine kote. Hoja hii ni nzito, na jibu la kwamba kila mchezo una hatari zake haliigusi.

Hata hivyo, wanaoutetea mchezo huu nao wana lao la kusema. Ndondi zimekuwa ngazi ya vijana ambao ngazi nyingine zote ziliwavunjikia. Katika kumbi za jamii za Nakuru, Muthurwa na Kariobangi, kijana asiye na karo wala kazi anaweza kuingia mikono mitupu na kufundishwa nidhamu, lishe, subira na heshima kwa mwalimu. Huko ndiko yalikoanzia majina yaliyoipa Kenya sifa. Philip Waruinge, aliyekulia katika ndondi za Nakuru, alipata nishani ya shaba mjini Mexico mwaka wa 1968 na ya fedha mjini Munich mwaka wa 1972. Kule Mexico alitunukiwa pia tuzo ya bondia mwenye ustadi bora wa mashindano yote. Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mjini Belgrade mwaka wa 1978. Ibrahim Bilali alileta shaba kutoka Los Angeles mwaka wa 1984, na Chris Sande akaleta nyingine kutoka Seoul mwaka aliong'ara Wangila. Wengi wa mabondia wa Kenya walipata pia ajira katika jeshi, polisi na magereza kwa sababu ya ngumi zao.

Aidha, wanawake nao wameingia katika uwanja ambao zamani ulidhaniwa kuwa wa wanaume peke yao. Conjestina Achieng alitwaa taji la kimataifa mwaka wa 2004 na kuwafanya Wakenya wakeshe wakimngojea kwenye runinga. Elizabeth Andiego aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya London mwaka wa 2012, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwapa wanawake nafasi rasmi ya kushindania medali za ndondi. Fatuma Zarika akawa bingwa wa dunia mwaka wa 2016. Kumwambia msichana wa Kariobangi leo kwamba mlango huu unafungwa kwa faida yake, pasipo kumfungulia mwingine, ni kumnyang'anya fimbo kipofu kwa kuhofia kwamba itamchoma.

Je, marufuku hufaulu? Historia haitoi jibu la kuwaridhisha wanaoitaka. Iceland ilizipiga ndondi marufuku mwaka wa 1956, kisha ikaziruhusu tena zile za ridhaa mwaka wa 2002. Uswidi ilizikataza ndondi za kulipwa tangu mwaka wa 1970, halafu ikazirejesha mwaka wa 2006 kwa masharti makali. Norway ilizikataza mwaka wa 1981 na kuziruhusu tena mwaka wa 2014. Hata Kuba, ambayo iliwakataza mabondia wake kupigania pesa kwa takriban miaka 60, iliulegeza msimamo huo mwaka wa 2022. Hizi ni nchi zenye serikali imara na uwezo wa kusimamia sheria zao. Katika nchi ambayo mchezo unafanyika uani mwa majumba na katika kumbi zisizo na leseni, ni rahisi kuona kwamba marufuku ingemwondoa daktari kabla ya kumwondoa bondia. Pambano lingekuwapo, ila gizani.

Ikiwa marufuku si dawa, basi mageuzi ya kanuni nayo yanafaa kupimwa kwa uangalifu. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka wa 1867, zilipotangazwa kanuni zilizopewa jina la Markwisi wa Queensberry. Kanuni hizo ziliagiza kuvaliwa kwa glavu, raundi za dakika tatu na mapumziko ya dakika moja. Watu wengi huamini kwamba glavu zilikuja kumlinda anayepigwa. Ukweli ni kwamba glavu huvilinda vidole vya mpigaji kuliko inavyoulinda ubongo wa mpigwaji. Bondia mwenye mkono mtupu huogopa kuvunjika vidole anapougonga mfupa wa kichwa, naye mwenye glavu hana hofu hiyo.

Yanayotokea ndani ya kichwa si magumu kueleza. Ubongo ni kitu laini kilichozungukwa na majimaji ndani ya fuvu gumu. Kichwa kinapozungushwa ghafla kwa konde, fuvu hutangulia na ubongo hufuata nyuma. Mishipa midogo ya damu iliyo baina ya ubongo na utando unaoufunika huvutwa na huweza kupasuka. Damu huvuja taratibu, hujikusanya, kisha huanza kuukandamiza ubongo. Katika muda huo, ambao unaweza kuwa dakika kadhaa au zaidi, bondia anaweza kusimama, kutembea, kuzungumza na hata kumlaumu refa. Ndiyo maana kofia ya kujikinga haikutatua tatizo. Kofia hupunguza michaniko ya uso, lakini haiwezi kuuzuia ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Mwaka wa 2013, shirikisho la kimataifa la ndondi za ridhaa liliwavua wanaume kofia hizo, na katika Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016 walipigana vichwa wazi.

Kupunguzwa kwa raundi nako kulitokana na kifo. Mnamo Novemba 1982, Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipigana na Ray Mancini jijini Las Vegas hadi raundi ya 14, akaanguka, na baada ya siku chache akafariki. Baraza la Ndondi Duniani likapunguza raundi za pambano la ubingwa kutoka 15 hadi 12, na mashirika mengine yakafuata. Lilikuwa jambo jema, lakini halikumaliza vifo. Mnamo Agosti 2025, Shigetoshi Kotari na Hiromasa Urakawa walifariki nchini Japani kutokana na kuvuja kwa damu kichwani, wote wawili wakiwa wamepigana katika ukumbi mmoja, usiku mmoja. Urakawa alikuwa katika pambano la raundi 8 tu. Raundi zinaweza kupunguzwa na kupunguzwa tena, lakini konde linaloua halisubiri raundi ya mwisho.

Kutokana na hayo, inabainika kwamba hakuna chombo wala kanuni inayoweza kuchukua nafasi ya mtu aliye macho. Aliye ndani ya kamba hawezi kujihukumu. Lazima awepo nje yake mwenye kumwona, mwenye kujua anachokiona, na mwenye uwezo wa kusema basi.

Mfano wa kusikitisha ulionekana mjini Durban, Afrika Kusini, mnamo Juni 2022. Simiso Buthelezi alikuwa akielekea kushinda. Ghafla aligeuka, akamwacha mpinzani wake, akaanza kurusha makonde kuelekea kwenye kona tupu, kana kwamba anapigana na mtu ambaye wengine hawakumwona. Refa alilisimamisha pambano papo hapo. Siku mbili baadaye Buthelezi alifariki. Refa yule alifanya alilopaswa kufanya, lakini jeraha lilikuwa limekwisha kutangulia. Kisa hicho kinafundisha kwamba kusimamisha pambano ni lazima kuanze mapema, hata kabla ya kengele ya kwanza, pale ambapo daktari anapaswa kumpima bondia na kuwa na uwezo wa kumzuia asipande ulingoni.

Kisa cha Michael Watson wa Uingereza kinaonyesha upande wa pili. Mnamo Septemba 1991, alipigana na Chris Eubank jijini London, na refa akalisimamisha pambano katika raundi ya 12. Watson alizimia. Kando ya ulingo hapakuwa na vifaa vya kumsaidia kupumua, na dakika nyingi zilipotea kabla ya kupata huduma aliyoihitaji. Alikaa bila fahamu kwa siku 40, na alipozinduka alikuwa amepooza sehemu ya mwili. Alilishtaki baraza lililosimamia ndondi nchini mwake. Mwaka wa 1999 mahakama ilimpa haki, na mnamo Desemba 2000 Mahakama ya Rufani ikaidhinisha hukumu hiyo: chombo kinachoweka kanuni za mchezo kina wajibu wa kisheria wa kuhakikisha kwamba huduma ya kuokoa uhai ipo kando ya ulingo. Mwaka wa 2003, Watson aliitembea njia yote ya mbio za marathoni za London kwa siku sita. Kila mwandalizi wa mapambano katika Afrika Mashariki angefaa kuisoma hukumu hiyo kabla ya kuchapisha tiketi.

Hapa ndipo mjadala unapoufikia ulimwengu wa lugha. Msikilize mtangazaji wa ndondi kwa Kiswahili, au soma mabango yanayobandikwa ukutani kabla ya pambano. Msemo unaotawala ni mmoja: pambano la kufa kupona. Bondia humtwanga mwenzake, humkung'uta, humzaba, humlambisha sakafu. Anayeshindwa hunyolewa bila maji. Anayesita ni mwoga, na kona inayorusha taulo imesalimu amri. Lugha hii ina ladha, na hakuna anayetaka utangazaji uwe mkavu kama ripoti ya kamati. Tatizo ni kwamba lugha hiyohiyo haina neno la heshima kwa tendo la kusimamisha. Msamiati wa kupiga ni mwingi kupindukia, ilhali msamiati wa kuokoa ni haba. Kijana anayeukulia mchezo katika lugha kama hiyo hujifunza, kabla hajafunzwa kukinga uso, kwamba kuachia ni aibu kuliko kufa.

Gharama ya aibu hiyo inajulikana. Mnamo Novemba 1980, Roberto Durán wa Panama alimgeuzia mgongo Sugar Ray Leonard katika raundi ya 8 na kukataa kuendelea. Alikuwa mmoja wa mabondia hodari kabisa wa karne yake, lakini kwa miaka mingi watu walimkumbusha usiku ule mmoja kuliko ushindi wake wote. Kinyume chake ni kisa cha Manila cha Oktoba 1975. Joe Frazier alikuwa amefumba jicho kwa uvimbe, na alitaka kutoka kwenda kupigana raundi ya 15 na Muhammad Ali. Mwalimu wake, Eddie Futch, alimkatalia na kulimaliza pambano. Frazier alighadhibika, lakini aliishi miaka 36 zaidi. Futch hakumshindisha bondia wake usiku ule. Hata hivyo, wanaoujua mchezo wanamtaja hadi leo kama mfano wa mwalimu anayestahili kuitwa mwalimu.

Wala isidhaniwe kwamba busara ya Futch ni ngeni kwa Waswahili. Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Walisema pia kuwa kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Methali hizi hazisifu ulegevu. Zinakumbusha kwamba ushujaa una familia inayoungoja nyumbani. Vivyo hivyo, utamaduni wa pwani una michezo ya kupimana nguvu isiyohitaji maiti. Katika kirumbizi cha Lamu, wanaume huingia uwanjani na fimbo, zumari na ngoma zikilia, na sifa humwendea mwenye wepesi wa kushambulia na kukinga. Katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Zanzibar, watu hupigana kwa migomba, wakatoa dukuduku za mwaka mzima, kisha wakala pamoja. Jamii iliyobuni michezo hiyo ilijua kuutofautisha ushindani na uadui, na ilijua kwamba mchezo usio na mpaka si mchezo.

Kwa hivyo, nini kifanywe? Kwanza, pambano lolote, liwe la ridhaa au la kulipwa, lisianze pasipo daktari, vifaa vya kumsaidia mtu kupumua na gari la kumfikisha katika hospitali yenye uwezo wa kupasua kichwa. Hospitali hiyo iwe imearifiwa mapema. Gharama yake ni kubwa, naam, lakini mwandalizi asiyeweza kuimudu hana pambano la kuuza. Pili, daktari apewe mamlaka kamili ya kusimamisha, mamlaka yasiyoweza kupinduliwa na promota wala kelele za mashabiki. Tatu, kila bondia awe na kitabu cha afya kinachomfuata kila aendako. Kwa miaka mingi, kanuni za ndondi za ridhaa zimeagiza kwamba aliyezimishwa kwa konde la kichwa apumzike kwa takriban mwezi mmoja, na apumzike zaidi endapo hali hiyo itajirudia. Kanuni hiyo haina maana ikiwa bondia anaweza kuondoka Nairobi na kupigana mji mwingine juma lifuatalo bila mtu kujua.

Nne, uangalizi usikome siku bondia anapostaafu. Wakenya wameshuhudia jinsi Conjestina Achieng alivyosumbuliwa na maradhi ya akili baada ya miaka yake ya fahari. Si haki kumtafutia chanzo cha ugonjwa kupitia magazetini, kwa kuwa hiyo ni kazi ya madaktari wake. Lililo wazi ni kwamba msaada wake ulitegemea huruma ya wasamaria wema, ukija na kukoma. Mchezo unaomwita mtu shujaa akiwa na mkanda kiunoni unapaswa kuwa na mpango wa kumtunza mkanda huo unapomtoka.

Tano, na hili ndilo linalowahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, maarifa ya usalama yahamishwe kutoka lugha za vitabu vya udaktari hadi lugha ya ukumbi wa mazoezi. Mwalimu wa ndondi mtaani huwafunza vijana wake kwa Kiswahili, au kwa Sheng, ilhali maandishi mengi kuhusu majeraha ya ubongo yako kwa Kiingereza. Mama anayemwona mwanawe akirudi nyumbani usiku huku akilalamikia mwangaza wa taa, akitapika, akiuliza swali lilelile mara tatu, anahitaji kuambiwa kwa maneno anayoyaelewa kwamba hizo si dalili za uchovu. Mtikisiko wa ubongo, uvujaji wa damu ndani ya fuvu, usingizi usio wa kawaida: istilahi na maelezo ya namna hii yanaweza kukusanywa, kusanifiwa na kuchapishwa katika ukurasa mmoja wa kubandikwa ukutani. Vyama vya Kiswahili vyuoni vimekuwa vikiandaa makongamano kuhusu ukuzaji wa istilahi za sayansi. Hii hapa ni sayansi inayosubiri istilahi, na wanaoihitaji hawatahudhuria kongamano.

Watangazaji nao wana fursa yao. Si lazima wautupe msemo wa kufa kupona, kwa kuwa lugha haibadilishwi kwa amri. Lakini refa anaposimamisha pambano mapema, mtangazaji anaweza kusema kwamba bondia ameokolewa, badala ya kusema kwamba amenyimwa. Kona inaporusha taulo, anaweza kusema kuwa mwalimu amemlinda mwanafunzi wake. Neno hilo moja, likirudiwa mara kwa mara redioni, litawafikia watoto wanaojifunza ndondi wangali wadogo.

Kuna atakayesema kwamba ndondi zikiisha makali zitakufa. Mchezo wenyewe unamkanusha. Raundi zimepungua na mchezo haukufa. Mwaka wa 2023, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilivunja uhusiano wake na shirikisho la kimataifa la ndondi kwa sababu ya uongozi mbovu, na kwa muda ilidhaniwa kwamba ndondi zingeondolewa katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka wa 2028. Mnamo Machi 2025 ziliidhinishwa kuwamo, baada ya shirikisho jipya kutambuliwa. Hivyo basi, kilichoitishia jina lake Olimpiki hakikuwa wingi wa kanuni, bali uongozi usioaminika. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kusimamishwa kwa pambano si mwisho wa bondia. Ndiko kunakompa nafasi ya kupigana tena, au ya kuacha akiwa bado anawajua watoto wake kwa majina.

Usiku ule wa Las Vegas, Wangila alihisi kwamba refa amemwonea. Yamkini wako waliokuwa wakitazama ambao walikubaliana naye. Laiti pambano lingesimamishwa mapema zaidi, angelalamika zaidi, pengine mashabiki wangezomea zaidi, na huenda Kenya ingekuwa na bingwa wa Olimpiki aliyezeeka, anayekaa kando ya ulingo huko Muthurwa au Nakuru akiwafunza vijana kukinga kichwa. Malalamiko ya aliye hai husikika, hujibiwa, na hatimaye husahaulika. Refa anayeyaogopa malalamiko hayo hafai kupewa filimbi ya mchezo wowote, sembuse huu.